Kitabu Alichonunua Kwingine

Buti lenye grisi lilitua juu ya kitabu cha ufugaji nyuki, na mwenye buti wala hana habari.

"Wewe! Huna macho?" Muuza vitabu alisimama, gauni la njano kalikusanya mkononi. Alikuwa ametandaza vitabu vyake mlangoni pa jengo refu, watu wanapita kama wanafukuzwa.

"Unavianika njiani kama nguo, mama, ulitegemea nini?" alijibu fundi wa lifti.

"Mama yako yuko kwenu. Lipa!"

Akalipa kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo akarudi wiki iliyofuata. "Nimekimaliza. Kumbe malkia wa nyuki hatawali mtu! Nilidhani ana mdomo kama wewe."

"Chukua hiki cha nyota, kikushinde."

Hakikumshinda. Akapewa cha upelelezi, cha ushonaji, cha vita vya kale, cha mashairi. Kila alipokimaliza kimoja alikuja na tusi jipya, na jamani, yalikuwa matusi matamu! Mtu aliyezoea kusoma maelekezo ya mota tu, leo anabishia pindo la sketi. Katika kubishana huko wakapendana. Fundi akamwita muuza vitabu Malkia, naye akaitwa Grisi.

Siku moja Grisi alimwachia begi lake akapanda kazini. Malkia alipotafuta kalamu humo, akatoa kitabu cha mimba na uzazi. Hakikutoka kwenye vitabu vyake. Kilikuwa na muhuri wa mpinzani wake, muuza vitabu wa barabara ya pili.

Mume wake wa kwanza alimwacha hivihivi, kwa mwanamke mwingine aliyempa mimba. Akapiga simu.

"Shuka."

"Kipenzi, kuna watu wamekwama kwenye lifti..."

"Wakome! Umempa nani mimba?"

"Mimba gani tena?"

"Usinifanye mjinga. Njoo uchukue begi lako, na kuanzia leo hunijui!"

Fundi aliwatoa wale watu, akateremka ngazi mbio, ovaroli imelowa jasho.

"Nilisoma nyuki, umeniona na mzinga? Nilisoma vita, nimempiga nani? Si wewe uliyenifundisha kusoma kila kitu?"

"Kila kitu unanunua kwangu. Hiki umekifuata kwa adui yangu. Kwa nini, kama si siri?"

Wapita njia wakaanza kusimama, maana ugomvi wa mjini hauna kadi ya mwaliko.

"Ningekinunuaje kwako?" alisema Grisi kwa sauti ya chini. "Ungeniuliza cha nini. Ningelazimika kusema nataka kukuoa, na tukijaliwa mtoto nisiwe baba bwege. Niliogopa ungenifukuza."

Malkia alimtazama, machozi yanamlenga na uso bado kaukunja. Alitaka kumkumbatia, alitaka pia kumpiga na kitabu chenyewe. Akakifungua, akapekua kurasa chache, akasonya.

"Amekuuzia takataka, hiki cha zamani mno. Kinasema mke akijifungua, mume asubiri nje."

"Basi nitasubiri nje."

"Thubutu! Utaingia ndani, na mkono huo nitaung'ang'ania mpaka uvunjike." Akamsukumia kitabu kifuani. "Kamrudishie. Chako nitakuchagulia mwenyewe."