Namba Chini ya Tope

Nchagwa wa Nyansurura alikuwa na pikapu ya zamani, lakini hakuwa na stata inayofanya kazi. Hakuwa na mteremko karibu na nyumba yake. Hakuwa na jirani ambaye hajachoka kusukuma. Hakuwa na namba ya simu ya fundi hata mmoja, maana alisema hamhitaji. Na hakuwa na siku nyingi. Ilikuwa Jumatatu.

Kila asubuhi mambo yalikuwa hivi. Nchagwa alikaa kwenye usukani. Mke wake, Rhobi, alifunga maksai wawili mbele ya gari kwa mnyororo wa plau. Maksai walivuta. Wanawake wa kikundi cha maziwa walisukuma nyuma huku wakiimba. Gari lilikohoa, likanguruma, likawaka. Vigelegele vikapigwa.

"Maksai hawa wapewe leseni ya udereva!" alisema Rhobi.

Siku nyingine gari liliwaka mapema. Siku nyingine liliwaka jua likiwa juu, na maziwa yakafika Mugumu yamechacha.

Asubuhi hiyo Felista, mwenyekiti wa kikundi, alikuja na bahasha.

"Tata Nchagwa, kituo cha maziwa cha Mugumu kinataka kununua maziwa yetu yote, mwaka mzima," alisema. "Lakini wanataka barua ifike Ijumaa. Tuahidi kwamba maziwa yatafika kabla ya saa mbili asubuhi, kila siku. Barua nimeshaiandika."

"Basi ifunge, uitume."

"Niahidi kwa niaba ya maksai? Siweki sahihi yangu chini ya uongo. Stata ikipona, nitaifunga barua."

Nchagwa alipanda bodaboda akaenda Nyamongo, kwenye duka la vipuri. Yeye alikuwa mnunuzi hodari wa ng'ombe. Mnadani hutazama manyoya, hupapasa nundu, wala haulizi mtu. Dukani alifanya vilevile. Aliona stata inayong'aa. Akaipapasa. Akaipima uzito mkononi.

"Hii ina afya," alisema. Akalipa. Risiti hakuchukua.

Nyumbani stata ile haikuingia. Matundu ya boliti hayakulingana. Jumanne aliirudisha dukani.

"Risiti iko wapi, mzee?" aliuliza muuzaji.

Nchagwa akarudi nayo nyumbani. Rhobi alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Simioni, umenunua dume la watu! Halitaki zizi letu!" Alipomaliza kucheka alisema, "Pale Mugumu kuna fundi mwanamke, Hilaria, yule Msukuma. Mpelekee stata zote mbili."

"Mwanamke anifundishe mimi gari?"

"Na nani anakusukuma kila asubuhi?"

Nchagwa alikwenda kutafuta gunia. Jumatano alitia stata zote mbili kwenye gunia akaenda Mugumu.

"Shikamoo, mzee," alisema Hilaria, akifuta mikono yenye grisi.

"Marahaba. Nina stata mbili. Moja mbovu, moja nzuri."

"Nzuri ni ipi?"

"Hii inayong'aa."

Hilaria alitabasamu. "Mzee, hata kwetu Usukumani tunapenda ng'ombe anayeng'aa. Lakini kipuri hakinunuliwi kwa rangi. Kina namba."

Alichukua brashi na mafuta ya taa, akasugua stata ya zamani. Tope likatoka. Chini yake palikuwa na namba.

"Isome, mzee."

Nchagwa aliisoma polepole, tarakimu moja moja. Kisha akasoma ya ile inayong'aa. Hazikufanana hata kidogo.

"Miaka kumi na sita gari hili ni langu," alisema, "na jina la stata yake sikulijua!"

Hilaria aliifungua stata ya zamani. "Tazama. Mwili wote ni mzima. Gia hii ndogo tu ndiyo imelika meno. Ng'ombe akiumwa kwato, unanunua ng'ombe mwingine?"

"La! Natibu kwato."

"Basi tutibu kwato. Stata mpya ni bei ya ndama. Gia hii, ikitoka kwenye gari bovu la aina hiihii, ni bei ya kuku wawili."

"Kumbe! Basi kuanzia leo kila kitu nitanunua kilichotumika."

"Si kila kitu, mzee. Mlango, taa, kioo, sawa, ukivikagua. Breki nunua mpya. Breki ni roho za watu."

Hilaria alipiga picha ya namba na ya gia, akawatumia wauzaji watatu. Wa kwanza hakuwa nayo. Wa pili alitaja bei kubwa. Wa tatu, wa Musoma, alikuwa nayo. Alikubali kuandika risiti, na kuipokea tena gia kama haitaingia.

"Ukiuliza mmoja, unapata bei yake," alisema Hilaria. "Ukiuliza watatu, unapata bei ya soko."

Alhamisi mchana gia ilifika kwa basi. Nchagwa alihesabu meno ya gia ya zamani, pamoja na visiki vyake. Tisa. Akahesabu ya hiyo nyingine. Tisa.

"Hawa ni ndugu!" alisema. Akaikunja risiti, akaiweka pamoja na kadi ya gari. Namba ya stata aliiandika mwenyewe kwenye daftari. Hilaria akaifunga gia ndani ya stata ya zamani, na jioni Nchagwa akairudisha kwenye gari.

Na ile stata inayong'aa? Hilaria alitafuta kwa namba yake mwenye gari linaloendana nayo. Mtu huyo aliinunua siku hiyohiyo.

Ijumaa alfajiri, Rhobi alitoka na maksai kama kawaida. Wanawake walipakia keni za maziwa, wakaegemea nyuma ya gari, tayari kusukuma.

"Rudisha maksai," alisema Nchagwa. Akageuza ufunguo.

Gari liliwaka palepale, likasogea mbele. Wanawake wawili walianguka kwenye majani. Wakacheka huku wamelala chali.

Felista hakucheka bado. "Zima," alisema. "Washa tena."

Liliwaka.

"Mara ya tatu."

Liliwaka.

Felista alitoa barua, akaiweka juu ya boneti iliyokuwa ikitetemeka, akatia sahihi. Akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja. Kisha akampa Nchagwa dirishani.

"Sasa ni kweli," alisema. "Ipeleke."

Nchagwa aliiweka mbele yake, karibu na kioo, ili aione njia nzima. Maksai walisimama wakitafuna, wakitazama barua ikienda Mugumu, na maziwa nyuma yake.