Skuta ya Dobi na Bisibisi ya Boresha

Mume wa Dobi hakuwahi kukutana na kitu kizima akakiacha kizima.

Mlango wa choo alitia springi ili ujifunge wenyewe. Ukajifunga kweli, mama mkwe wake akiwa ndani. Pasi ya mke wake aliiongezea joto, ikaacha alama yake kwenye shuka la watu, na Dobi akaenda kuomba radhi. Mtaa mzima ulimwita Boresha, kwa sababu kila aliposhika bisibisi alisema, "Naboresha kidogo tu."

Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio. Kazi ya mke wake ilikuwa kufua mashuka na makoti ya zahanati iliyo juu ya kilima. Kila asubuhi Dobi alifunga furushi kwa kamba ya mpira nyuma ya skuta yake ya umeme, akapanda, akaenda. Skuta ilikuwa ndogo, haina kelele wala haraka. Chini ya kiti ilikuwa na kibati kilichoandikwa nguvu ya mota na mwendo wake wa mwisho. Dobi hakuwa na leseni. Alipoinunua aliambiwa kuwa chombo cha nguvu ndogo kama hicho hakidai leseni, naye akashukuru. Mtihani wa udereva aliwahi kuufanya, akagonga ndoo.

"Sikiliza, baba watoto," alimwambia mumewe siku skuta ilipofika. "Birika, mlango, redio, fungua utakavyo. Skuta hii usiiguse. Ndiyo inayotulisha."

"Nani ameigusa?" alisema Boresha, bisibisi ikiwa mkononi.

Dobi alikosea kitu kimoja tu. Alinung'unika. Jioni moja alirudi amechoka, akavua viatu, akasema, "Kile kiskuta kinapanda kilima kama mgonjwa aliyeshikwa kwapa. Leo yule mzee wa mkongojo amenipita. Tena amenisalimia."

Boresha hakujibu. Alitoka akaenda uani. Mtu anayeongea kutwa akinyamaza ghafla, ujue kuna skrubu inafunguliwa mahali.

Asubuhi yake Dobi alifunga furushi, akakaa, akazungusha mshikio wa kulia kama siku zote. Skuta ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Furushi likaangukia kwenye maji ya mtaroni. Dobi akakaza breki zote mbili. Skuta ikapunguza mwendo, lakini haikusimama. Ikaenda naye, ikaenda, mpaka ikajichomeka kwenye ua wa jirani.

Jirani mwenyewe alitoka. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke mpole wa maneno machache. Alimtoa Dobi kwenye matawi, akamkagua mikono.

"Umeumia, jirani?"

"Mwili haujaumia," alisema Dobi. "Subiri mwenye kuniumiza aje."

Boresha alikuwa anakuja mbio, meno yote nje. "Umeiona nguvu yake, mke wangu?"

"Nimeiona. Ua wa watu umeiona. Mashuka ya zahanati nayo yameiona, yako mtaroni."

Mwalimu aliinama, akatazama chini ya kiti.

"Shemeji, kidhibiti cha mwendo kiko wapi?"

"Kipi?"

"Kile kinachozuia mota isipite mwendo ulioandikwa hapa kwenye kibati."

"Ah, kile. Kiko salama. Nimekitia kwenye kopo."

"Na betri hii ya pili, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli?"

"Hiyo ni msaidizi wa ile ya kwanza."

Mwalimu alisimama, akajifuta mikono. "Nisikilizeni nyote wawili. Jana chombo hiki kilikuwa cha nguvu ndogo. Leo, kwa sheria yetu, ni pikipiki. Pikipiki inadai usajili, namba, bima, na dereva mwenye leseni. Jirani yangu ana leseni?"

"Aligonga ndoo," alisema Boresha.

"Habari za ndoo tunazijua," alisema Dobi.

Boresha alijikuna kichwa. "Lakini mwalimu, huyu si mtu wa mbio. Ataendesha taratibu tu."

"Sheria haimwulizi kama anakwenda taratibu. Inauliza chombo kinaweza nini. Askari akimsimamisha pale njia panda, atasoma kibati, atajaribu mota, ataona havipatani. Skuta itachukuliwa. Na wa kwanza kushtakiwa ni aliyekalia kiti."

"Mbona mimi ndiye niliyeifungua?"

"Na wewe unaweza kushtakiwa. Ila siku hiyo wewe utakuwa nyumbani na bisibisi yako. Barabarani atakuwa yeye."

Dobi aliketi kwenye ukingo wa mtaro. Muuguzi mkuu wa zahanati alikwisha kusema kwamba hataki mzigo wake ubebwe na mtu mwenye kesi. Skuta ikienda, mashuka yataenda kwa dobi mwingine, naye atabaki na beseni tupu na mume fundi.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema. "Miaka yote hii, kimoja."

"Ulisema inapanda kama mgonjwa."

"Nilikuwa naongea. Mke akinung'unika haagizi ufundi. Anataka asikilizwe, basi, apewe na chai."

"Ungesema chai."

Dobi alimtazama mwalimu kama anayeomba shahidi.

"Haya, nimekosa," alisema Boresha. "Lakini msinione mjinga. Breki nilizikagua. Ni nzima kabisa."

Mwalimu aligeuka akatazama mlango wake uliokuwa wazi. Ndani, kwenye msumari, kulikuwa na kofia ngumu ya bluu. Dobi alikuwa ameiona pale miaka mingi. Alidhani ni ya wanafunzi.

"Ile ni ya mdogo wangu," alisema mwalimu. "Naye alifungua kidhibiti mwenyewe. Waliokwenda kuikagua skuta yake baada ya ajali iliyomchukua walisema breki ni nzima. Walisema kweli, shemeji. Zilikuwa breki nzima za chombo cha polepole."

"Na kofia?" Dobi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ilikuwa hapohapo msumarini. Alisema anakwenda karibu tu."

Boresha alitia bisibisi mfukoni. Aliingia mtaroni na viatu vyake, akaanza kuokota mashuka, moja moja, akiyakunja kana kwamba bado ni safi.

Alipotoka, aliuliza, "Nikirudisha kidhibiti leo hii, yameisha?"

"Usirudishe wewe," alisema mwalimu. "Msiiwashe tena. Isukumeni hadi karakana ya wakala aliyewauzia. Waya ukishakatwa unataka fundi wake na vipimo vyake. Na hiyo betri ya pili itoke. Betri zisizolingana zikiunganishwa zinaweza kuwaka moto, hata skuta ikiwa imesimama sebuleni."

"Mimi pia ni fundi."

"Wewe ni fundi wa redio. Redio ukiikosea, inanyamaza tu."

Waliisukuma skuta mpaka karakana, Dobi mbele, Boresha nyuma. Fundi wa pale alikitazama kidhibiti ndani ya kopo, akamtazama Boresha, akapumua kwa nguvu. Kazi hiyo ingechukua siku kadhaa.

Mashuka hayakungoja. Dobi aliyafua upya, na kilimani yakapanda juu ya bega la Boresha. Siku ya kwanza alirudi na shati limelowa jasho, akaketi kizingitini.

"Kile kilima ni kirefu," alisema.

"Ndiyo."

"Mzee wa mkongojo amenipita."

"Amekusalimia?"

"Amenisalimia." Alivua viatu. "Hukuniambia kama ni kirefu namna ile."

"Nilikuambia," alisema Dobi, akammiminia chai.

Kabla ya kuichukua skuta, Boresha alikwenda ofisi ya usajili wa vyombo vya moto. Safari hii aliuliza kwanza. Aliambiwa kioo cha pembeni na vibandiko vinavyong'aa gizani havina shida. Sanduku la mzigo linaruhusiwa, mradi lisizibe taa wala kuzidi upana uliowekwa. Mota, betri, breki na kidhibiti haviguswi bila idhini. Tena viwango hutofautiana toka nchi hadi nchi, na hubadilika, kwa hiyo mtu huuliza kila mara.

Alirudi na vibandiko vingi mno. Skuta ikang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Dobi alibandua nusu, akaacha nusu. Kofia ngumu alikwenda kuinunua mwenyewe, nyekundu, akaijaribu mbele ya mwalimu, naye akamkazia kamba kidevuni.

Siku ya kwanza barabarani, askari alimsimamisha njia panda. Dobi alishuka. Askari alisoma kibati. Akainua gurudumu la nyuma, akazungusha mshikio, akasikiliza. Akatazama chini ya kiti.

"Hiki kiko kama kilivyotengenezwa," alisema. "Nenda, mama. Na kofia umevaa vizuri."

Dobi akakianza kilima. Skuta ilipanda kama mgonjwa aliyeshikwa kwapa. Boresha alikuwa anatembea kando yake, mkono mmoja juu ya furushi, wala hakuhitaji kuharakisha. Katikati ya kilima mzee wa mkongojo aliwapita, akawasalimia wote wawili, wakaitikia.

Walikwenda hatua chache.

"Mke wangu," alisema Boresha. "Hapa kwenye mshikio nimeona kitu. Kidogo tu."

Dobi hakugeuka. "Umemwuliza mwalimu?"

"Bado."

"Ofisini je?"

"Bado."

"Basi tembea, baba watoto."

Boresha akatembea. Walifika juu mashuka yakiwa makavu.