Vipimo vya Ukutani

Fundi cherehani alikuwa na ukuta wa kujivunia. Kila mteja aliyepimwa, jina lake na vipimo vyake viliandikwa kwenye karatasi kubwa na kubandikwa hapo, mbele ya benchi la wageni: kifua, kiuno, nyonga. Mteja akirudi, Fundi anatupa jicho tu, anakata kitambaa.

Lakini mwaka huo wateja walianza kupungua mmoja mmoja. Hata muuguzi, rafiki yake kwa miaka tisa, alikata mguu dukani. Wakikutana njiani, anasalimia haraka na kushika njia yake. Cherehani ya pili sasa ilikaa bure, imefunikwa shuka. Kazi ikiendelea hivyo, duka litafungwa. Fundi aliumia, ila hakuwa mtu wa kukaa akilia.

"Baba watoto," alimwambia mumewe, "narudi shule. Nikajifunze biashara ya kisasa."

"Na hiyo miaka yako hamsini na moja?"

"Nitakwenda nayo. Haitaki kiti."

Chuoni, karani wa usajili alimweleza bila haraka. Masomo ya watu wazima yalikuwa jioni, mara tatu kwa wiki. Cheti cha zamani hakikuhitajika. Kujua kusoma na kuandika kulitosha.

"Kuna biashara, kompyuta na maadili ya kazi. Yanakwenda pamoja, mama."

"Niandikie mawili. Maadili nilifundishwa na mama yangu, tena kwa fimbo."

Karani alicheka. "Jaribu kipindi kimoja tu. Usipopenda, nakufuta."

Kompyuta ilimtoa jasho wiki mbili, kisha akaizoea. Biashara aliipenda. Kwenye maadili alikaa nyuma, mikono kifuani, mpaka mwalimu alipouliza: "Kazini kwako unatunza siri ya nani?"

Dereva wa gari la wagonjwa alijibu. Mlinzi wa benki alijibu. Zamu ikamfikia Fundi.

"Mimi sina siri za watu," alisema kwa kujiamini. "Vipimo vya wateja wangu viko ukutani. Kila mtu anaviona."

Wanafunzi wenzake wakageuka kumtazama.

"Pamoja na majina yao?" mwalimu aliuliza kwa upole.

Fundi aliwakumbuka wasichana wawili kwenye benchi, wakisoma kiuno cha muuguzi na kucheka. Na muuguzi alikuwa amesimama mlangoni. Aibu ilimwasha mpaka masikioni.

"Kipimo cha mwili ni cha mwenye mwili," mwalimu alisema. "Amekuamini nacho wewe peke yako."

Kesho yake Fundi alibandua karatasi zote. Vipimo akaviingiza kwenye kompyuta ndogo aliyoinunua kwa ajili ya masomo, akavifunga kwa neno la siri.

"Hata mimi huniambii?" mumewe aliuliza.

"Wewe unashona?"

Shuka ya cherehani ya pili akaigeuza pazia la mahali pa kupimia. Kisha akaenda kwa muuguzi.

"Dada, nilikuanika mbele za watu. Nisamehe."

"Nimekusikia," muuguzi alijibu, basi.

Jumamosi, muuguzi alitokea mlangoni na kitambaa mkononi. Alitazama ukuta mtupu, wenye alama za gundi tu. Nyuma yake walikuja wauguzi wenzake wanne, kila mmoja na kitambaa chake. Akaingia, akainua mikono apimwe.

"Nimenenepa," alinong'ona.

"Sijasikia kitu," Fundi alisema, akavuta pazia.