Wimbo wa Kumwangusha Kalekye

Kila asubuhi kabla ya shule, Muthoki alienda mtoni na punda. Mwezi wa Julai mto huo hauna maji ya kuonekana. Ni mchanga mtupu, na mtu hufukua shimo, husubiri maji yajikusanye, kisha huchota kwa kikombe mpaka mitungi minne ijae. Kazi hiyo huchukua karibu saa nzima, na Muthoki hakuwa msichana wa kukaa saa nzima kimya. Alitunga nyimbo. Alitunga kuhusu jogoo wa jirani, kuhusu uji wenye madonge, hata kuhusu mwalimu mkuu na koti lake. Punda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzisikia zote, na kwa kuwa hakuwahi kulalamika, Muthoki alijiona fundi.

Na fundi alikuwa kweli. Shuleni kwao Matinyani yeye ndiye aliyekuwa ngui, yaani yule anayeanzisha wimbo na wengine wakaitikia. Wakamba humpenda ngui, na pia humwogopa kidogo, maana akikutia katika wimbo wake huna pa kujificha. Jina lako litaimbwa shuleni, litaimbwa shambani watu wakivuna ndengu, na litafika sokoni kabla yako.

Asubuhi hiyo punda alisikia wimbo mmoja tu, kwenda na kurudi. Muthoki alikuwa ameutengeneza kwa miezi mingi, na ulikuwa wimbo wa kisasi.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwaka uliotangulia, rafiki yake mkubwa Ndunge alifika nusu fainali ya Kombe la Tenisi la Shule za Ukambani. Alicheza na msichana wa Mukuyuni aitwaye Kalekye. Katikati ya mchezo soli ya kiatu cha Ndunge ikafunguka mbele, ikawa inapigapiga chini kila akikimbia. Mashabiki wa Mukuyuni hawakungoja hata dakika moja. Mvulana mmoja wao aliruka juu ya benchi akaanza: “Kiatu cha Ndunge kina njaa!” Na wenzake mia moja wakaitikia: “Kipeni ugali! Kipeni ugali!” Watu wazima walicheka, na mwamuzi naye alificha mdomo. Ndunge alishindwa, akalia njia nzima ya kurudi nyumbani, na kwa muhula mzima hakushika raketi.

Muthoki hakulia, alikasirika. Aliapa kwamba watu wa Mukuyuni watalipa, tena watalipa mbele ya watu. Alimwuliza habari binamu yake Kasiva, aliyesoma huko, mpaka siku moja Kasiva akasema bila kufikiri, “Huyo Kalekye ana kifafa. Alianguka gwarideni muhula wa kwanza mwaka jana, povu likamtoka mdomoni. Lakini usimwambie mtu, mamake hataki.”

Muthoki alimwahidi kwamba hatamwambia mtu. Ni kweli hakumwambia mtu. Alimwimbia punda.

Sasa fainali ilikuwa siku hiyo hiyo mjini Kitui, na waliofika fainali walikuwa Ndunge na Kalekye. Muthoki aliona kwamba Mungu mwenyewe alikuwa amempangia.

Uwanja ulikuwa wa udongo wa kichuguu, uliopondwa na kushindiliwa ukawa mgumu kama sakafu, na mistari yake ilichorwa kwa chokaa. Matinyani walikaa upande mmoja na Mukuyuni upande wa pili. Kabla ya mchezo, mwalimu wa michezo, Mwalimu Mathenge, aliwasimamisha watoto wa Matinyani.

“Sikilizeni vizuri,” alisema. “Hii si kandanda. Mchezaji akiinua mkono kuanzisha mpira, kila mtu anyamaze. Mkipiga kelele mara ya kwanza, mwamuzi atatuonya. Mara ya pili, yule mwingine anapewa pointi ya bure. Mmenielewa?”

“Ndiyo, Mwalimu!”

“Muthoki, nimekuuliza wewe hasa. Umenielewa?”

“Nimeelewa, Mwalimu,” Muthoki akajibu, kwa sauti ya mtoto mwema kabisa.

Ndunge alishinda seti ya kwanza, na Kalekye akashinda ya pili. Katika seti hiyo ya pili Matinyani walisahau wakashangilia mpira ukiwa bado hewani, na mwamuzi, Bwana Mulwa, akawaonya. Seti ya tatu ilikwenda sako kwa bako mpaka Kalekye akawa na gemu tano na Ndunge nne. Akishinda gemu moja tu, kombe linakwenda Mukuyuni. Wachezaji wakaketi kunywa maji kabla ya kubadilishana pande.

Hapo Muthoki alisimama. Moyo wake ulikuwa unaenda mbio kwa furaha, na ilikuwa furaha mbaya, lakini yeye wakati huo hakuona ubaya wake.

“Shika wavu, Kalekye!” akaanza.

Wenzake, aliokuwa amewafundisha wimbo huo ndani ya basi, wakajibu kwa nguvu: “Utaanguka! Utaanguka!”

“Ulianguka gwarideni, Kalekye!”

“Utaanguka! Utaanguka!”

“Povu mdomoni, Kalekye!”

“Utaanguka! Utaanguka!”

Kalekye, msichana mrefu mwembamba, aliweka chupa ya maji chini polepole. Aligeuka akamtazama mwanamke mmoja aliyevaa kitambaa cha kijani, aliyeketi safu ya mbele. Mwanamke huyo alikuwa amefunika uso wake kwa mikono miwili.

Kalekye ndiye aliyekuwa anaanzisha mpira. Katika tenisi unapewa nafasi mbili za kuanzisha, na ukizikosa zote pointi inakwenda kwa mwenzako. Alikosa zote mbili. Akajaribu pointi iliyofuata, akakosa zote mbili tena.

“Umemwona?” Muthoki alimwambia aliyekuwa karibu naye, akicheka. “Umemwona anavyotetemeka? Hivyo ndivyo Ndunge alivyotetemeka!”

Lakini Kalekye alivuta pumzi, akafuta uso kwa mkono wa fulana, akapiga mpira mmoja ambao Ndunge hakuugusa. Pointi iliyofuata Ndunge aliupiga mpira wavuni, mpira rahisi ambao kwa kawaida angeupiga akiwa amefumba macho. Sasa walikuwa sawa, thelathini kwa thelathini. Kalekye aliinua mkono kuanzisha.

Wimbo ukaanza tena, na safari hii si Muthoki aliyeuanzisha. Ulianzia nyuma kabisa, kwa watoto wa gredi ya nne, ambao walikuwa wameupenda kupita kiasi. Muthoki aligeuka akapunga mikono. “Nyamazeni! Nyamazeni, si sasa!” Wao wakadhani anawaongoza, wakaimba kwa nguvu zaidi. Alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza, na bado wimbo wake mwenyewe ukamzidi nguvu.

Bwana Mulwa akapuliza filimbi. “Mashabiki wa Matinyani mlishaonywa! Pointi kwa Kalekye. Arobaini kwa thelathini!”

Basi Kalekye alibakiza pointi moja tu achukue kombe, na hiyo ya sasa alikuwa amepewa bila jasho. Mukuyuni walishangilia mpaka vumbi likainuka. Muthoki akajishika kichwa. Alikuwa amempa adui pointi kwa mdomo wake mwenyewe.

Kalekye hakushangilia. Alisogea kwenye mstari, akawatazama Matinyani, halafu akaupiga mpira juu sana, ukapita juu ya vichwa vyao na kuangukia kwenye miti ya nyuma. Watu walidhani amekosea. Akatoa mpira wa pili mfukoni, akaupiga vilevile, juu ya vichwa vyao, tena kwa hasira zaidi.

“Chukueni pointi yenu!” alipaza sauti. “Mimi siitaki! Sasa tutacheza!”

Alikuwa ameitupa makusudi, nao walikuwa sawa tena, arobaini kwa arobaini. Bwana Mulwa alikohoa kidogo, akatangaza hesabu hiyo.

Halafu Kalekye akacheza. Ndunge alikimbia kushoto na kulia, akarudisha mipira ambayo hakuna aliyetegemea arudishe, na walipigana hivyo kwa pointi mbili ndefu ajabu. Zote mbili zilikuwa za Kalekye. Mpira wa mwisho ulitua juu ya chokaa, vumbi jeupe likaruka, na hapakuwa na la kubishana. Fainali ilikuwa imekwisha.

Ndunge aliketi kwenye benchi akajifunika taulo kichwani. Muthoki alimwendea mbio.

“Pole, Ndunge. Lakini angalau nimekulipizia. Kila mtu amemjua sasa.”

“Nani alikutuma?” Ndunge aliuliza kutoka ndani ya taulo.

“Si walikuliza mwaka jana!”

Ndunge akaitoa taulo. Macho yake yalikuwa mekundu. “Mlipokuwa mnaimba, unajua nilikuwa naangalia nini? Viatu vyangu. Nina viatu vipya, Muthoki, na bado nilikuwa naviangalia. Ule mpira rahisi niliupiga wavuni kwa sababu hiyo. Sijui ulikuwa unamlipizia nani, lakini si mimi.”

Muthoki aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni.

Mwalimu Mathenge alikuwa amesimama nyuma yao. Hakugomba wala hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Muthoki kuliko fimbo. “Twende,” alisema. “Njoo mbele yangu, nataka nikuone ukitembea.”

Walivuka uwanja mpaka upande wa Mukuyuni. Kalekye alikuwa ameketi na mamake, yule mwenye kitambaa cha kijani. Kombe lilikuwa mchangani karibu na miguu yao, na hakuna aliyekuwa analitazama.

“Mama, Kalekye, nimekuja kuomba msamaha,” Muthoki alisema. Maneno yalikuwa mazito kuliko mitungi yote ya maji aliyowahi kubeba. “Mimi ndiye niliyetunga ule wimbo. Nilikuwa na hasira kwa sababu ya wimbo wa viatu mlioimba mwaka jana.”

“Sikuuimba,” Kalekye akajibu. “Nilikuwa nacheza. Mwenye wimbo ni Mulei, na Mulei alihama na wazazi wake, wako Mombasa siku hizi. Lakini nilicheka. Siwezi kusema sikucheka.” Akatikisa kichwa. “Sitakusamehe leo. Labda siku nyingine.”

“Kalekye,” Mwalimu Mathenge alianza, lakini yule mama akainua mkono.

“Mwache, Mwalimu. Ana haki ya kukasirika.” Akamgeukia Muthoki. “Keti hapa, mwanangu. Kifafa ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Hauambukizi, wala si laana. Huyu anameza dawa asubuhi na jioni, na tangu mwaka jana muhula wa kwanza hajaanguka hata mara moja. Majirani waliniambia nimfungie nyumbani. Daktari akaniambia nimwache acheze, mradi mwalimu wake ajue la kufanya. Nilificha kwa wengine kwa sababu niliogopa siku kama ya leo.”

“Sasa wamejua,” Kalekye alisema, akiokota kombe na kulipangusa mchanga. “Na wamejua pia kwamba nimeshinda.”

Kabla Muthoki hajajibu, kelele zikapanda kutoka kwenye basi la Mukuyuni. Walikuwa wamekwisha kumjua. Muthoki alikuwa na pengo mbele, tangu alipoanguka na kung’oka jino akiwa mdogo, na mtu mmoja huko alikuwa ameliona.

“Pengo la Muthoki, zizi halina mlango!”

“Maneno yanatoka kama mbuzi!”

Kisha wakacheka, wakarudia. Muthoki aliziba mdomo kwa mkono. Upande wa pili watoto wa Matinyani walikuwa wanamwita, “Muthoki! Njoo! Tuwajibu!” Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa limekwisha kujipanga lenyewe kwenye ulimi, kali na tamu, kuhusu yule mvulana mwenye masikio makubwa aliyekuwa anaongoza.

Mama Kalekye alikuwa anamtazama usoni.

“Unalo, sivyo?” alimwuliza. “Ninaliona. Basi sikiliza. Mulei alimwumiza Ndunge, wewe ukamwumiza Kalekye, sasa hawa wanakuumiza wewe, na ukiwajibu, mwakani kutakuwa na mtoto mwingine analia hapa, hata hajui kosa lake. Mechi ya kisasi haina fainali, mwanangu. Kila anayeshindwa anataka raundi nyingine. Itaisha siku mtu mwenye jibu mdomoni atakapolimeza. Si rahisi, mimi mwenyewe nililimeza la leo na bado linaniuma kooni.” Halafu akainuka, akafunga vizuri kitambaa chake. “Hao wa kwetu niachie mimi.” Akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea basi la Mukuyuni, na wimbo ulikatika hata kabla hajafika mlangoni.

Muthoki alirudi kwa wenzake. Walimzunguka, macho yakiwaka.

“Tuimbe nini, ngui?”

“Hatuimbi,” alisema.

“Lakini wamekutukana pengo lako!”

“Nimesikia. Pandeni basi.”

Walinung’unika, lakini walipanda. Muthoki aliingia wa mwisho. Ndunge alikuwa ameketi kiti cha dirishani peke yake, raketi juu ya magoti, na hakugeuka. Muthoki akasimama hapo njiani, bila kujua kama anaruhusiwa kuketi. Basi liliwaka, likaanza kusogea, na bado alikuwa amesimama.

Mwishowe Ndunge alisogea.

“Wimbo wao,” alisema akitazama nje, “ulikuwa mzuri kuliko wako.”

“Najua,” Muthoki akajibu, akaketi.