Kiyoyozi Kilichovaa Kitambaa

Nyumbani kwetu Kitengela kila kitu kina nguo. Viti vina vitambaa, meza ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, na ile redio ambayo haijasema neno tangu nizaliwe ina viwili. Cucu, nyanya yangu, ndiye anayevifuma. Mgeni akiketi sebuleni kwetu dakika kumi bila kujitingisha, ninamwonea huruma, kwa maana Cucu huanza kumpima kwa macho.

Mimi naitwa Wamaitha. Niko Gredi ya Saba, na nikitoka shule kazi yangu ya kwanza ni kumpa Waziri majani. Waziri ni mtamba wetu, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Cucu alimpa jina hilo kwa sababu hula sana, hafanyi kazi yoyote, na akipita ni lazima watu wampishe. Mama yake alikufa siku aliyomzaa, kwa hivyo Cucu alimlea kwa chupa kama mtoto mchanga. Hata sasa, akisikia sauti ya Cucu, huinua kichwa na kutega masikio. Mimi nikimwita, hunitazama kama mtu anayesumbuliwa akiwa mkutanoni.

Kazi yangu ya pili ilikuwa katika chumba cha keki. Mama hutengeneza keki za harusi, na ndizo zinazotulisha, zinazonilipia karo na zinazomnunulia Waziri dawa ya kupe. Chumba chenyewe kinatazama machweo, kina paa la mabati, na mwezi wa Machi saa tisa alasiri unaweza kukaanga yai juu ya dirisha. Ndiyo maana ukutani kuna kiyoyozi. Bila kiyoyozi, krimu ya keki hukumbuka kwamba iliwahi kuwa maziwa.

Ndani ya kiyoyozi kuna machujio mawili. Ni nyavu nyembamba zinazonasa vumbi kabla hewa haijaingia kwenye mashine. Na vumbi la Kitengela si mchezo. Malori yakipita, hata kuku mweusi hugeuka kijivu. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, nilitakiwa kuyatoa machujio, kuyaosha kwa maji na sabuni, kuyaanika kivulini, kuyarudisha, kisha kutia alama kwenye kalenda iliyotundikwa mlangoni. Ni kazi ya dakika ishirini tu.

Lakini Jumamosi hiyo hiyo ndiyo wenzangu hukutana kwenye uwanja wa kanisa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Ukichelewa dakika ishirini, viatu vyote vimekwisha chukuliwa na utabaki kushika sweta za watu. Basi mwezi wa Januari nikapata wazo ambalo niliona ni la akili sana.

"Cucu," nikamwambia, "umeona kile kiyoyozi? Watu wote humu ndani wamevaa. Chenyewe kiko uchi."

Cucu akaweka chini uzi wake. Akakitazama kiyoyozi kwa aibu, kama mtu aliyegundua kwamba amemsahau mtoto kanisani.

"Ni kweli, mjukuu wakwa. Tena vumbi linakiangukia hivyo hivyo!"

Wiki moja baadaye kiyoyozi kilikuwa na kitambaa cheupe chenye maua ya waridi, kimelazwa juu na kuning'inia pembeni kama kilemba. Mama alicheka, akasema kimependeza. Mimi nikajiambia kwamba vumbi sasa halitaingia, kwa hiyo hakuna cha kuosha. Kila Jumamosi ya pili nilitia alama kwenye kalenda, nikakimbia uwanjani. Kufikia mwisho wa Machi alama zilikuwa sita, zote zimenyooka vizuri. Kama kungekuwa na mtihani wa kutia alama, ningepata mia kwa mia.

Jumatano ya wiki ya mwisho, nilimkuta Mama amesimama katika chumba cha keki, mikono kiunoni. Alikuwa akijaribu maua ya krimu kwa ajili ya harusi ya Jumamosi kule Kajiado, keki ya ngazi nne. Maua yalikuwa yanateleza polepole, kama wazee wanaoshuka mlima. Kiyoyozi kilikuwa kinapumua hewa ya uvuguvugu, na maji yalikuwa yanadondoka ukutani. To. To. To.

Mama alimpigia simu Fundi Musila, yule aliyekiweka. Musila alikuwa Illasit, akitengeneza chumba baridi cha kuhifadhi nyanya. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia kila neno.

"Kiko na miaka mingapi sasa, Mama Wamaitha?"

"Tisa."

"Kikitunzwa vizuri hufika kumi, hata kumi na tano. Machujio mnaosha?"

Mama akageuka akaitazama kalenda, na sura yake ikajaa fahari. "Musila, huyu mtoto wangu hajakosa hata mara moja. Alama ziko hapa mlangoni. Nikutumie picha?"

Nikaanza kuvichunguza vidole vyangu vya miguu. Vyote kumi vilikuwepo.

"Hapana, nakuamini," Musila akasema. "Lakini basi, kama machujio ni safi, ugonjwa uko ndani kabisa. Kwa umri huo, jitayarishe kununua kingine. Ijumaa nikirudi nitapita nihakikishe."

Mama ni mtu wa kuamua. Hakuketi kulia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye zizi, ambako Cucu alikuwa akimkuna Waziri shingoni.

"Mama, kiyoyozi kimekufa. Itabidi Waziri auzwe."

Mkono wa Cucu ukasimama. Waziri akamsukuma kwa pua ili aendelee.

"Keki ndizo zinatulisha," Cucu akasema mwishowe. "Mwite Lemein." Kisha akaendelea kukuna. 

Siku iliyofuata Mama alikwenda Kajiado kuuona ukumbi wa harusi. Nilipotoka shule nilipanda juu ya kigoda, nikakitoa kile kitambaa. Upande wa chini, maua ya waridi yalikuwa yamekuwa maua ya saruji. Nikafungua kifuniko. Machujio hayakuonekana. Kilichoonekana ni blanketi la vumbi, zito, unaweza kumfunika nalo mtoto mchanga. Nyuma yake, mahali ambapo panatakiwa kuwa na mabomba membamba, palikuwa na barafu.

Niliosha yale machujio haraka haraka, nikayarudisha, nikaficha kitambaa ndani ya mkoba wa shule, nikawasha. Kikapumua uvuguvugu ule ule. To. To. To. Nikajua kwamba nimekiua.

Ijumaa saa kumi, Mzee Lemein alifika na pikapu yake. Huyu ni mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye Cucu anamwamini kwa sababu hajawahi kumpiga ng'ombe mbele yake. Nilimwinamishia kichwa, naye akaweka kiganja chake utosini pangu, kama watoto wa Kimaasai wanavyosalimiwa.

"Sopa, mtoto."

"Ipa," nikajibu. Nilihisi kama kiganja kile kinaweza kusoma yaliyomo kichwani.

Fundi Musila naye akaingia na sanduku lake, viatu vimejaa udongo wa Illasit. Akapanda ngazi, akafungua kifuniko, akayatoa machujio na kuyainua kwenye mwanga wa dirisha.

"Yanameta! Msichana, ukimaliza shule uje nikuajiri." Kisha akachungulia ndani, akaguna. "Lakini ona barafu. Machujio yakiwa safi namna hii na bado kuna barafu, mara nyingi gesi inavuja mahali. Kutafuta tundu ni kazi ya siku mbili, na mashine ya miaka tisa huenda ukaziba hapa ikatoboka pale. Mama Wamaitha, wewe uko na keki kesho. Kama ni mimi, ningenunua."

Tukatoka sote uani, Mama akamgeukia Mzee Lemein. "Sawa. Mzee, mchukue."

Mzee Lemein akaishika kamba. Waziri hakutaka kwenda. Aliikita miguu yake minne ardhini, akageuza shingo kumtafuta Cucu. Cucu alikuwa ameketi kwenye kiti chake uani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona ameshika uzi bila kufuma.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Ile siku moja niliyofanya kazi yangu ndiyo ilikuwa imefanya uongo wangu uonekane kweli. Machujio safi yalikuwa yanamdanganya fundi kwa niaba yangu. Hakuna mtu mwingine uani pale aliyejua, na nikinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Isipokuwa mimi, na Waziri hatakuwepo.

"Ngojeni!" nikapiga kelele. Sauti ilitoka kama ya jogoo anayejifunza. "Msimpakie!"

Nikakimbia ndani, nikarudi na mkoba, nikatoa kile kitambaa kichafu na kukitandaza juu ya mikono yangu.

"Mama, sijawahi kuosha machujio tangu Krismasi. Niliosha jana tu. Zile alama zote sita ni za uongo. Nilikuwa naenda kuteleza. Na hiki kitambaa, mimi ndiye niliyemwambia Cucu afume, ili nisioshe."

 Hata Waziri aliacha kuvutana na kamba.

Fundi Musila alikitwaa kitambaa, akakigeuza juu chini. "Kilikuwa kimekaa wapi hasa?"

"Juu. Kama cha televisheni."

Alianza kucheka mpaka akalazimika kushika ukuta. "Juu ndipo pua yake ilipo! Kiyoyozi cha ukutani huvuta hewa kupitia juu. Mlikiziba pua kwa kitambaa, mkakiziba koo kwa vumbi, halafu mnashangaa kimezirai? Hewa isipopita, yale mabomba hupata baridi kupita kiasi, yanaganda. Na barafu ikishaziba kila mahali, baridi haitoki tena. Mzee, nipe saa moja na nusu kabla hujaondoka na huyo waziri."

"Chai ikiwepo, nitawapa hata mbili," Mzee Lemein akasema, akaketi.

Musila alikizima kiyoyozi, akaacha barafu iyeyuke ndani ya karai. Kisha akayasafisha yale mabomba kwa brashi laini na maji, naye alinifanya nishike karai muda wote. Lilipokuwa zito nikataka kuliweka chini, alisema, "Hiyo ni sawa na Jumamosi sita." Mwishowe akaunganisha geji, kipimo chake cha gesi, kwenye ile sehemu ya kiyoyozi iliyo nje ya nyumba, akatazama mshale. "Gesi iko yote. Haijavuja hata kidogo."

Akawasha. Mama akainua kiganja mbele ya kiyoyozi. Tulimtazama yeye badala ya mashine. Kwanza hakuna kitu. Halafu nikaona vinyweleo vya mkono wake vimesimama.

"Baridi," akasema. "Musila, ni baridi!"

Nje, Cucu alikuwa tayari ameinyakua kamba kutoka mkononi mwa Mzee Lemein.

Kabla ya kuondoka, fundi alitusimamisha chini ya kiyoyozi kana kwamba anatutambulisha upya. "Hiki hakijazeeka. Kitunzeni, kitafanya kazi miaka mingine minne, mitano. Siku yake itafika, na mimi mwenyewe nitakuambia, Mama Wamaitha: kimepita miaka kumi, kinaharibika kila mara, bili ya stima inapanda na kazi ni ile ile, au kutengeneza kunakula nusu ya bei ya kipya. Hapo usikionee huruma, kitoe. Lakini leo mngezika mtu aliye hai." Akanigeukia. "Na wewe, sikia. Mimi ni kama daktari. Nauliza, najibiwa, natibu. Ukinipa jibu la uongo, nitatibu ugonjwa ambao haupo. Si ujinga wangu, ni jibu lako."

Mzee Lemein aliondoka na pikapu tupu na tumbo lililojaa chai. "Nitarudi Waziri akistaafu," akasema.

Mama hakunichapa wala hakupiga kelele. Alinipeleka mbele ya kalenda, akanipa kalamu nyekundu, akanisimamia mpaka nikazikata alama zote sita, moja moja. Ilikuwa kazi ndefu kuliko kuosha.

"Nilikaribia kuuza ng'ombe kwa sababu ya mistari sita ya kalamu," akasema. "Kuchoka ningekuelewa, Wamaitha. Kusahau ningekuelewa. Ungeniachia nafasi tupu hapa ningejua machujio ni machafu, na tungeosha. Alama ya uongo ni mbaya kuliko kazi ambayo haikufanywa, kwa sababu inamzuia mwingine kuifanya. Na leo umesema ukweli ukiwa umechelewa, mbele ya wageni, bila kulazimishwa. Hiyo pia nimeiona."

Jumamosi keki ya ngazi nne ilifika Kajiado maua yote yakiwa mahali pake. Wiki mbili baadaye niliyatoa machujio, nikayaosha, nikayaanika kivulini, nikayarudisha. Ndipo nikatia alama. Haikunyooka vizuri, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na maji. Uwanjani nilikuta viatu vyote vimechukuliwa, nikashika sweta za watu watano.

Kile kitambaa Cucu alikifua, akakitundika mgongoni mwa Waziri ili naye asikae uchi. Waziri alikitazama, akakinusa, akafikiri kwa muda mfupi. Kisha akakila.