Nilimwambia Afute

Nina umri wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, mkaazi wa Mkomani, Lamu. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika chuo kimoja hapa kisiwani. Leo natoa siri iliyonikaa kooni...

Chuoni kila ofisi ilikuwa na programu yake. Mimi ndiye niliyeshinda nikikimbia mlango hadi mlango! Basi nikaandika mpango wa kuziweka kompyuta zote kwenye programu moja. Miezi minane nilihangaika nao. Nilipokwenda likizo ya uzazi nilimwachia Zuhura, rafiki yangu wa ofisini, niliyemfunza kazi mwenyewe.

Nikarudi... mpango una jina lake! Yeye mkuu wa kitengo cha kompyuta, mimi msaidizi wake!

"Bi Khadija, hebu kabadilishe wino wa printa masjala," aliniambia mbele ya watu. Hata haya hana!

Nililia chooni. Kisha nikanyamaza, nikangoja.

Jambo moja sikuwa nimeliandika kwenye mpango ule. Programu ya zamani ya mitihani ilihifadhi alama pahali pasipoonekana; usipozinakili kwanza, zinapotea. Siku ya kufuta mashine ili ziwekwe programu mpya, Zuhura alinijia, wasiwasi umemjaa.

"Kuna kitu nimesahau?"

"Hakuna. Futa tu, dadangu."

Akafuta... Alama za miaka mitatu zikaenda! Zuhura alifukuzwa kazi. Nilisimama dirishani nikamtazama akitoka getini analia. Wallahi nilifurahi! Kiti chake nikapewa mimi.

Haukupita muda akaja Mwanaesha, msichana wa Pate. Alikuwa amepanda boti kwao, bandarini Mtangawanda, kuja kuchukua matokeo yake. Amepata kazi, na siku ya mwisho ya kuyapeleka ni kesho yake.

Nikamwambia hayapo.

"Hayapo vipi, Bi? Si nilifaulu! Sasa nishike ndia gani?"

Mtoto wa watu alinikosea nini? Kazi ile akapewa mwengine. Nilishindwa kula... Mwisho nikaenda kwa mkuu wa chuo, nikakiri yote. Nami nikafukuzwa.

Nisiwadanganye, Zuhura sijamsamehe! Nikimwona sokoni damu hunichemka. Lakini wasomaji wenzangu, ukidhulumiwa, sema! Rasimu zangu zote nilikuwa nazo, zina tarehe na mwandiko wangu. Ningeziweka mezani kwa mkuu wa chuo ningemuumbua mchana kweupe. Kwa nini sikufanya hivyo? Kwa sababu nilitaka aumie!

Nawasihi, msiifuate njia yangu. Kisasi changu kilimpata Mwanaesha, na yeye hata jina la Zuhura halijui.