Pumzi ya Kuamsha Sufi

Taa zilipowaka nyekundu kwenye njia panda ya Kizota, watu waliotembea kwa miguu waliingia barabarani, wakajipanga nyuma ya magari na kuinama mbele ya mabomba ya moshi. Moshi haukuwapo tena tangu enzi za bibi zao. Jina tu ndilo lililobaki. Kilichotoka humo kilikuwa hewa safi, ya uvuguvugu, yenye unyevu kidogo, na kila mtu alivuta pumzi mbili tatu kabla taa hazijageuka kijani.

Hivyo ndivyo Dodoma ilivyoishi tangu mvua zilipoadimika na vumbi la Bahi likahamia mjini. Kila gari lilifungwa injini-pafu. Injini hiyo ilichanganya hidrojeni na hewa ikapata umeme wa kuzungusha magurudumu. Lakini haikuweza kula hewa chafu, kwa hiyo ilivuta hewa ya barabarani kupitia chujio, ikachukua kiasi chake, na iliyobaki ikaigawa: nyingine kwa abiria, nyingine kwa mji. Siku za vumbi, wenye vifua vibovu walilazwa garini, injini ikiunguruma, kama zamani mgonjwa alivyolazwa karibu na moto.

Nyuma ya gari la Perisi hakusimama mtu. Mama mmoja mwenye kikapu alijaribu, akavuta mara moja, akapiga chafya.

"Lako linatema vumbi, dada," alisema dirishani, akahamia gari la jirani.

Perisi alitazama kioo cha juu. Kwenye kiti cha nyuma alilala mama yake, Foibe, mto mgongoni, pumzi zake zikipiga mluzi kama birika lililosahauliwa jikoni. Hospitali walikuwa wametoka asubuhi hiyo, vitanda vilijaa. Kisha sauti ya Mratibu, akili ya mashine iliyoongoza magari yote ya mji, ikasema kwa upole wake uleule wa siku zote: "Vumbi jekundu limepita Kigwe. Litafika mjini alasiri. Wagonjwa wa kifua wasibaki nje."

Perisi hakungoja kijani kiive. Alikata kona kuelekea gereji ya Masinjisa, gari likikwama na kushtuka njia nzima.

"Linakoroma kama shemeji yangu," alisema fundi Masinjisa, akifuta mikono. Alipomwona aliyelala nyuma, akaacha utani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Fanya haraka."

Masinjisa alifungua boneti, akafyatua vibanio vya kisanduku, akatoa chujio la hewa, ambalo mafundi bado waliliita eyaklina kama walivyoliita babu zao. Lilikuwa la karatasi iliyokunjwakunjwa, na lilikuwa jeupe kuliko Perisi alivyotarajia. Fundi aliliinua likaelekea jua. Mwanga ukapenya katika vitundu vidogo, vingi, kama karatasi imechomwa sindano na mtu mwenye hasira.

"Umelipuliza kwa kompresa?"

"Kidogo tu. Lilikuwa limejaa."

"Kila mtu hulipuliza kidogo tu. Karatasi ukiipuliza inarudi nyeupe, moyo wako unafurahi, kumbe umeitoboa. Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Baada ya Pasaka ndipo kikohozi cha mama yake kilipochachamaa. Perisi aligeuka akalitazama gari. Miezi yote hiyo alikuwa akimlaza mama yake ndani ya vumbi, kisha anamfungia vioo.

Na kupuliza alijifunza kwa nani, kama si kwa Foibe mwenyewe? Ujana wote wa Foibe uliishia kwenye yadi ya magari ya mji, kompresa mkononi, kitenge kimefungwa puani, akipuliza machujio ili yarudi barabarani. Vumbi ambalo mji ulikwepa lilipitia kwake kwanza.

"La aina hii ya asili halitengenezwi tena," alisema Masinjisa. "Yapo ya kubadilisha. Njoo uchague, muda hatuna."

Juu ya meza aliweka matatu. Alianza na la karatasi, jipya, lenye kingo za mpira. "Hili linachuja vizuri. Lakini kwa vumbi la leo litajaa kabla jua halijazama, injini itakosa pumzi, itazimika. Gari likizimika, na mama naye hana hewa."

La pili lilikuwa la pamba iliyopakwa mafuta mekundu, katikati ya nyavu mbili za waya. Lilinukia kama cherehani. "Hili ni la kudumu. Unaosha, unakausha, unapaka mafuta, unarudisha. Gari litaruka. Ila matundu yake ni mapana. Chembe kubwa zinanasa kwenye mafuta, zile ndogo zinapita. Na ukizidisha mafuta, yanaruka hadi kwenye jicho la hewa, kile kipimo kinachoiambia injini imevuta kiasi gani, na injini inapofuka."

"Weka hilo," Foibe aliita kutoka garini.

"Mama, zile ndogo ndizo zinazoingia kifuani."

"Nimesema weka hilo. Gari likose nguvu, Mratibu akuondoe kubeba abiria njia ya stesheni, tutakula hizo chembe?"

Perisi alitazama nje. Aliona jinsi watu wa duka la mbele walivyoanza kushusha milango. Upande wa magharibi anga ilikuwa na rangi ya tofali.

"Na hili?" aliuliza.

La tatu lilikuwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Lilifanana na kiota kilichoachwa na ndege: nyuzi za kijivu, kavu, zimeshikana ndani ya fremu.

"Sufi-hai," alisema Masinjisa, na sauti yake ikapungua. "Hiki ni kiumbe hai, ndugu wa kuvu. Nyuzi zake zinalikamata vumbi na kulila. Halijai, halioshwi, halipulizwi. Hakuna chujio linaloshinda hili kwa kifua cha mgonjwa. Ila ni zito kuvuta, gari litakuwa kama punda mzee, na njia ya stesheni utaisahau kweli."

"Nipe hilo."

"Ngoja. Linauzwa likiwa limelala. Lazima liamshwe. Mtu analiweka karibu na mdomo, analihemea, pole pole, mpaka ligeuke kijani. Linataka joto la mtu na kile kilichomo ndani ya pumzi ya mtu. Watu walijaribu mvuke wa birika, liliiva tu."

"Basi si kuhema tu?"

Masinjisa alikuna shingo. "Likiamka linafumuka, linatoa unga. Aliye karibu anauvuta. Kitambaa hakisaidii, kwa sababu kikizuia unga kinazuia na pumzi. Wengine hukohoa baadaye."

"Kwa muda gani?"

"Wanasema huisha. Mimi sijaona kikohozi kilichoisha, wala sijaona kilichoua. Kiwandani wapo wanawake waliokuwa wanayaamsha kabla hayajauzwa. Waligoma. Ndiyo maana siku hizi yanakuja yamelala."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Foibe alishuka, mkono mmoja kwenye paa la gari.

"Lete niliamshe mimi. Kifua changu kimeshaharibika, hakina cha kupoteza."

"Mama, rudi ndani."

"Wewe bado una kifua kizima. Nilikitunza mimi hicho. Nilikuwa navua nguo za yadi mlangoni nisikuletee vumbi kitandani. Lete."

Maneno hayo yalikuwa na haki ndani yake, na Masinjisa, akikwepa macho ya Perisi, alichana mfuko akampa. Foibe alilikumbatia kama mtoto mchanga, akahema. Nyuzi zilitikisika kidogo, zikatulia. Akahema tena. Safari ya tatu pumzi ilikatika njiani, akaanza kukohoa, akainama mpaka magoti yakagonga bampa. Chujio lilibaki kijivu vilevile.

"Halitoshi, mama," alisema fundi. "Linataka pumzi ndefu."

Upepo wa kwanza ulipita chini ya mlango wa gereji, ukasukuma mchanga mwekundu sakafuni kama ulimi.

Perisi alimnyang'anya mama yake chujio. Halikuwa jambo la adabu, na alilifanya bila kuomba radhi. Akaligeuzia mgongo gari, akaliweka chujio usoni na kuhema. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha nyuzi zikalegea, zikatafutana, rangi ya majani machanga ikatambaa kutoka katikati kwenda pembeni. Lilifumuka mara moja, laini, na unga mtamutamu, wenye harufu ya ghala, ukamjaa puani. Hakuacha mpaka pembe ya mwisho ikawa kijani.

Masinjisa alilipachika, akabana vibanio. Injini ilipowaka, ilinguruma kwa sauti nzito, ya uvivu. Mratibu akasema, "Nguvu ya gari imepungua. Gari hili limeondolewa njia ya stesheni."

"Nimesikia," alisema Perisi.

Aliendesha mpaka nyuma ya ukuta wa gereji, akaegesha, akafunga vioo. Vumbi jekundu lilifika likalimeza jua. Nje hapakuonekana hata mkono wa mtu. Ndani, hewa ilikuwa baridi na nyepesi kama ya baada ya mvua. Mluzi wa pumzi za Foibe ulipungua, ukawa mdogo, ukanyamaza. Perisi aliusikiliza ukinyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mikono yake ikalegea kwenye usukani.

Ndipo akakohoa. Mara moja tu, kavu, akauficha mdomo kwenye kiwiko.

"Vumbi," alisema.

"Humu hamna vumbi," alisema Foibe, macho yamefumbwa.

Perisi aligeukia dirisha. Akakohoa tena.

"Hata mimi nilikuwa namwambia mama yangu ni vumbi," alisema Foibe.

Akajiinua, akapita katikati ya viti viwili kwa shida, mguu baada ya mguu, akaketi mbele, mahali alipokatazwa kukaa kwa sababu hapafai kulala. Alimshika binti yake bega akamgeuza, akaweka sikio lake mgongoni mwake, chini kidogo ya shingo. Mchanga ulikuwa ukilipiga gari pande zote.

"Vuta," alisema.

Perisi akavuta.

"Toa. Usiharakishe." Foibe akahamisha sikio upande wa pili. "Vuta tena."